Kisahani cha Kimchi ni Hoja ya Siasa

Wapo wasomi wenzangu wanaoshikilia kwamba bei ya mlo wa mgahawani ni shauri la mteja na mfuko wake, na kwamba mtu mwenye shahada hapaswi kupoteza wino kwa mambo ya tumbo. Nawapinga. Na ili nisidhaniwe kuwa natetea tumbo langu, nitachukua mfano wa mbali: visahani vya Korea Kusini.

Katika migahawa midogo ya Seoul, ile iliyobanana kandokando ya vyuo vikuu na yenye foleni mlangoni, mteja huagiza supu moja au nyama moja tu. Kabla haijafika, mhudumu hupanga mezani visahani vitatu, vinne au zaidi: kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, mchicha uliokolezwa mafuta ya ufuta, dagaa wa kukaanga. Wakorea huviita banchan. Kwa desturi havimo katika bili, na kinachoisha huongezwa. Mwanafunzi mwenye fedha ya bakuli moja la supu hushiba sawa na mkurugenzi aliyeketi meza ya pili.

Nimekula katika migahawa ya namna hiyo, na nilichokiona pale si ukarimu mtupu. Ni mkataba. Kisahani kinachoitwa cha bure kimelipiwa na jasho la mkulima, mikono ya mama wa jikoni na faida nyembamba ya mwenye mgahawa. Mkataba huo husimama maadamu kabichi ni rahisi. Na urahisi wa kabichi hutegemea ardhi, ushuru na sera.

Mwaka 2010 mkataba ulitikisika. Hali mbaya ya hewa iliharibu mavuno, na bei ya kabichi moja ikapita won 10,000. Baadhi ya migahawa ikaanza kutoza kimchi. Rais Lee Myung-bak akaagiza mpishi wake amwandalie kimchi ya kabichi ya mviringo badala ya ile ndefu ya asili. Wananchi hawakumshangilia. Walimjibu kwa hoja ya sokoni: je, ameuliza bei ya hiyo ya mviringo? Nayo ilikuwa imepanda vilevile.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Agizo la Rais liligeuza swali la serikali kuwa swali la jikoni. Wapinzani walilirudisha mahali pake: walidai kwamba Mradi wa Mito Minne Mikuu ulikuwa umemeza mashamba ya mboga ya kandokando ya mito. Serikali ilikanusha, ikalaumu hali ya hewa. Lakini ilibidi ijibu, na ilibidi itende: ushuru wa kabichi kutoka nje uliondolewa kwa muda, na Jiji la Seoul likatoa ruzuku. Hayo hayakuletwa na mpishi wa Ikulu.

Wala tusiwacheke Wakorea. Mwaka 2022, bei ya ngano ilipopaa, Rais Museveni aliwaambia Waganda kwamba wasipopata mkate wale muhogo. Muhogo ni chakula chema, na sina ugomvi nao. Nina ugomvi na kiongozi anayeulizwa juu ya sera akajibu kwa orodha ya vyakula. Aliyebanwa na bei alikwishabadilisha chakula zamani, bila kusubiri hotuba.

Basi, wewe mtumishi wa umma unayeandika taarifa ya mfumuko wa bei, usiishie kwenye asilimia. Andika ni shamba lipi limepotea na ni ushuru upi umebaki. Nawe mwanafunzi, ukiambiwa ule kitu kingine, uliza kwanza bei yake, kisha uliza ni nani aliyeipandisha ile ya kwanza. Taifa linalokubali kubadilishiwa sahani bila kuuliza litabadilishiwa mengi zaidi ya sahani.