Miti mikongwe ya Thika ikiisha, okidi zetu zitaota wapi?

Msimu wa mvua unapowadia, viongozi humu nchini hushika majembe na kupanda miche hadharani. Mwishoni mwa 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, katika miji inayopanuka kwa kasi kama Thika na Ruiru, swali muhimu halijaulizwa: je, nani anahesabu miti mikongwe inayoangushwa, na nini kinaangamia pamoja nayo?

Miongoni mwa vinavyoangamia ni okidi za mwituni. Kenya ina takriban aina 280 za mimea hii. Nyingi haziguswi na jembe kwa sababu makao yake ni juu ya matawi ya miti. Wengi hudhani ni vimelea, lakini sivyo. Okidi hushika gome kwa mizizi yake na kujilisha kwa mvua, umande na uchafu wa majani, bila kunyonya mti uliouhifadhi.

Mfano ni Aerangis confusa, okidi yenye maua meupe ambayo makao yake ni misitu ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Jina hilo la pili lilitokana na mkanganyiko: kwa miaka mingi wataalamu waliidhania kuwa Aerangis brachycarpa, hadi Joyce Stewart alipoitenga kama aina ya peke yake mnamo 1979.

Ua lake lina mrija mwembamba unaoning'inia nyuma, na nekta yake imo ndani ya mrija huo. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba okidi za kundi hili nchini huchavushwa na nondo wakubwa wa usiku wenye ndimi ndefu. Utamu wa nekta huongezeka kuelekea kitako cha mrija, hivyo nondo hulazimika kuuzamisha ulimi wake wote.

Uhai wa mmea kama huu umefungamana na viumbe vingi. Mbegu zake ni kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Haziwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu maalumu. Zinahitaji gome lililokomaa, kivuli na unyevu, na miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Shamba jipya la mikaratusi haliwezi kutoa hayo yote.

Sasa tazama hali ilivyo Thika na Ruiru. Kwa mujibu wa sensa, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858 mwaka 2009, na kufikia 2019 walikuwa 490,120. Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa 2012 iliharakisha mabadiliko hayo. Mashamba ya kahawa yamegeuzwa mitaa ya makazi, na Tatu City ni mfano mmoja tu. Watu wanahitaji nyumba, na hilo halina ubishi. Lakini miti ya asili iliyosalia kandokando ya mito Chania, Thika na Ruiru ndiyo inayolipa gharama.

Takwimu za kitaifa haziwezi kuonyesha hasara hii. Tathmini ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, juu ya asilimia 10 inayotajwa katika Kifungu cha 69 cha Katiba. Katika hesabu hiyo, kivuli cha mkaratusi na kivuli cha mugumo wa karne nzima ni sawa. Kwa okidi, tofauti yake ni uhai na kifo.

Sheria zipo. Okidi zote zimeorodheshwa katika mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Lakini mkataba huo humzuia mlanguzi mpakani. Haumzuii mwenye tingatinga.

Thamani ya mti mkongwe si jambo geni kwa wakazi wa Thika. Wazee husimulia utabiri wa Mugo wa Kibiru kwamba utawala wa mkoloni ungekoma siku mugumo wa Thika ungeanguka, na jinsi Waingereza walivyouzungushia chuma usianguke. Mnamo Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi uliponea chupuchupu Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru usikatwe kupisha barabara ya Expressway. Basi inawezekana, nia ikiwapo.

Kaunti ya Kiambu yapaswa kuorodhesha miti yake mikongwe na kukataa ramani ya ujenzi isiyoonyesha iliko. Pale ambapo mti hauna budi kukatwa, okidi zake zihamishiwe miti mingine. Chuo Kikuu cha JKUAT, kilichoko Juja katikati ya miji hii miwili, kimewahi kuwafaidi wakulima kwa miche ya migomba iliyozalishwa katika maabara. Ujuzi huo waweza kuelekezwa kwa okidi pia.

Eneo hili huuza ng'ambo waridi, ua ambalo si la asili yetu. Itakuwa aibu kuyapeleka maua ya wageni Ulaya huku yetu yakiteketea pamoja na kuni.