Bando Nimelipia, Hotspoti Nilipie Tena ya Nini?

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja: kuna njia ya kutumia simu kama hotspoti bila kulipa kampuni ya simu pesa ya ziada? Jibu fupi ni kwamba kwa bando ya kawaida hapa Kenya, kuwasha hotspoti hakuna ada yake. MB zinakatwa zile zile ulizonunua. Jibu refu ndilo limenifanya nikae chini niandike.

Nianze na usiku mmoja hapa kwetu Endebess. Binti wa jirani, ametoka kidato cha nne, alibisha hodi saa tatu usiku. Mama yake alikuwa nyuma yake amejifunga shuka. Portal ya KUCCPS ilikuwa inafungwa saa sita na hakuwa amechagua kozi hata moja. Simu yake ni kabambe. Saiba ya stage ilikuwa imefungwa kitambo. "Kaka, tusaidie na hiyo waifai yako kidogo tu."

Mimi nilikuwa na kiburi cha mtu aliye na bando ya mwezi, ile inaitwa haina kikomo. Nikawasha hotspoti, laptopu ikashika, alama ya waifai ikajaa vizuri. Lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Kwa simu intaneti iko, kwa laptopu hakuna. Nilizima nikawasha karibu mara sita, mpaka nikaamua kusoma masharti. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho: matumizi ni ya simu hiyo pekee, hotspoti haimo.

Nilikuwa na soo moja kwa simu. Nikanunua bando ndogo ya kawaida, na hotspoti ikakubali mara moja. Tukafurahi kama dakika tano. Kumbe laptopu yangu ya mtumba, ikiona waifai tu, inaanza kujisasisha kimyakimya. Bando ikaisha kabla hatujafika kwa orodha ya vyuo. Tukamalizia kwa simu yenyewe, na saa tano na dakika arobaini ndio maombi yakapita. Najua mtu atauliza kwa nini hatukutumia simu tangu mwanzo. Jaribu kulinganisha kozi na alama za kujiunga kwa skrini iliyopasuka, mama mtu akikupumulia shingoni, halafu urudi tuongee.

Sasa, kampuni inajuaje kwamba ni laptopu inatumia? Si uchawi. Simu ikiwa hotspoti inageuka kuwa ruta ndogo. Kila pakiti ya data huondoka kwa kifaa ikiwa na namba inayopungua moja kila inapopita kwa ruta. Simu nyingi huanzia 64, laptopu za Windows huanzia 128. Pakiti ya laptopu ikipitia simu yako, inafika kwa mtandao ikiwa 127. Hapo umeshikwa. Zaidi ya hiyo, simu zingine hupangwa zitumie mlango tofauti wa mtandao kwa hotspoti, kwa hivyo kampuni inaona tu ni mlango gani umegongwa.

Hii ndiyo sababu kuna vijana wanauza "mafaili" ya VPN kwa Telegram, ati weka hii, hotspoti bure, intaneti bure. Mimi sitawapatia, na wacheni kuniomba. Si ati naogopa kampuni. Unapotumia faili ya mtu usiyemjua, kila kitu unachofanya kinapitia seva yake. Anaona ni tovuti gani unaenda, na kama ukurasa haujafungwa vizuri anaweza kusoma hata ulichoandika. Ungemkabidhi huyo mtu nenosiri la eCitizen la mama yako?

Lakini kusema usiibe si kusema kampuni iko sawa. GB moja ni GB moja. Nikinunua kilo mbili za unga, mwenye duka hawezi kuniambia ni za ugali pekee, uji unalipiwa kando. Na bando hiyo serikali tayari imeshakula: ushuru wa bidhaa kwa data ulipanda hadi asilimia 20 mwaka wa 2021, ukashuka hadi 15 mwaka wa 2023. Kama bando ina kikomo cha GB, mtandao haupotezi kitu nikizitumia kwa laptopu badala ya simu. Zitaisha tu haraka, na nitanunua zingine.

Kwa bando "isiyo na kikomo" naelewa wasiwasi wao kidogo. Mtu mmoja akilisha ploti nzima kwa laini moja, mnara unaumia na sisi wote tunalia. Sawa, basi andikeni kikomo juu, kwa herufi kubwa, kabla sijalipa. Msiite kitu hakina kikomo halafu mnifiche ukuta jikoni.

Huu ugomvi si wa Endebess pekee. Marekani, Verizon ilikuwa inatoza wateja dola 20 kwa mwezi ili waruhusiwe kutumia simu kama hotspoti, na programu za kukwepa ada hiyo zikazuiwa zisionekane kwa duka la programu la Google. Mwaka wa 2012 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikaingilia, na Verizon ikakubali kulipa dola milioni 1.25 na kuacha kuzizuia. Masafa waliyokuwa wanatumia waliyapata kwa sharti kwamba wasimzuie mteja kutumia programu na vifaa anavyotaka. Hapa kwetu pia kusukuma kunafanya kazi. Mwaka wa 2019 wakili Adrian Kamotho alipeleka kesi kuhusu bando zinazoisha muda kabla hujazitumia, na Oktoba mwaka huo Safaricom ikaleta bando zisizo na tarehe ya kuisha.

Kwa hivyo nasema, Mamlaka ya Mawasiliano iweke sheria rahisi: data iliyopimwa kwa GB isifungiwe hotspoti, na pale inapofungwa mteja aambiwe kabla ya kulipa.

Ukiwa unangoja hiyo sheria, fanya hivi. Kwa laptopu, ingia kwa mipangilio ya waifai, uweke kwamba muunganisho huo unapimwa, itapunguza sana hiyo tabia ya kujisasisha ovyo. Tumia kebo ya USB ukiweza, maana stima ikipotea hotspoti ya waifai inamaliza chaji upesi. Weka nenosiri la maana, si 12345678. Ukikaribia Suam, angalia kama simu imeshika mtandao wa Uganda kabla hujawasha kitu. Na ukitaka kuuzia majirani intaneti kwa saa, jua hiyo ni biashara ya leseni.

Binti wa jirani bado anangoja majibu ya KUCCPS. Kama una bando imewahi kukataa hotspoti, nipigie picha ya hayo masharti unitumie inboksi, ufiche namba yako. Nataka kuyapanga yote pamoja niyapeleke kwa Mamlaka.