Orijinali, lakini ya soko gani?



Vijana wengi wa Masisi na Walikale wanatamani kuishi kwa kupiga foto: arusi, komunyo ya kwanza, sherehe za diploma. Ni kazi nzuri, na inaweza kumtoa kijana shimoni. Lakini apareyi moja tu inaweza kula franga za miezi mingi ya kuchimba. Basi mwezi huu tujifunze kuichunguza kabla ya kulipa.

Watu hufikiri kuna apareyi za namna mbili, orijinali na feki. Kuna ya tatu. Kampuni kama Canon, Nikon ao Sony hugawa dunia katika masoko, na kila soko lina wauzaji wake walioruhusiwa. Mfanyabiashara mwingine hununua apareyi za kweli kule beyi iko chini, kisha anazileta kwetu bila kupitia kwa wauzaji hao. Apareyi ya namna hiyo si feki, wala si lazima iwe ya wizi. Inapiga foto vizuri. Ila garanti ya kampuni mara nyingi inabaki katika nchi ile ilikouzwa kwanza. Siku itakapoharibika, uko peke yako.

Ninyi wa Rubaya na Bisie, jambo hili si geni kwenu. Katika miaka ya 2010 mliona magunia ya madini yakifungwa lebo zenye namba. Gunia lisilo na lebo linaweza kuwa na koltani nzuri sana, lakini mnunuzi anapunguza beyi, kwa sababu njia lililopita haijulikani. Fanyeni vilevile dukani.

1. Tazama jina. Canon inayoitwa EOS 700D huko Ulaya, Marekani inaitwa Rebel T5i, na Japani inaitwa Kiss X7i. Ni apareyi ileile. Jina linakuambia ilitengenezewa soko gani.

2. Iwashe, utafute sehemu ya lugha. Sony nyingi zilizotengenezewa Japani zina Kijapani peke yake. Kama Kifaransa hakuna, utaitumiaje?

3. Linganisha namba ya apareyi na ile ya kartoni na ya karatasi ya garanti. Zikipishana, uliza sababu. Kama namba imekwaruzwa, iache kabisa: hapo unaweza kununua mali ya wizi.

4. Soma chaja. Ikiandikwa 100-240 volti, inavumilia umeme wetu wa 220. Ikiandikwa 100-120 tu, itaungua. Miguu miwili bapa ni ya Marekani ao Japani.

5. Soma karatasi ya garanti: inataja nchi gani? Ina muhuri wa duka na tarehe?

Muuzaji wa Birere, mjini Goma, atakuambia: «Garanti iko, papa, usiogope!» Muulize kwa heshima: garanti ya nani? Kama ni yake mwenyewe, aiandike kwenye fakitire: jina la apareyi, namba yake, miezi mingapi, na kama atatengeneza ao atarudisha franga. Fakitire hiyo itunze. Inaweza kukusaidia pia kwenye bariyeri, mtu akikuuliza mali hii umeitoa wapi.

Ukikuta ni ya soko lingine, si dhambi kuinunua. Lakini usilipe beyi ya garanti ambayo haiko. Punguza, na weka akiba ya kuitengeneza.

Na ninyi vijana mnaouza, sikieni. Kusema «garanti iko» wakati unajua haiko ni uongo, hata kama apareyi yenyewe ni nzima. Mwambie mteja ukweli, naye atarudi na ndugu zake.

Muuzaji akikataa kuandika, ondoka na franga zako. Apareyi nyingine utaipata. Miezi uliyochimba hairudi.