ARTHUR WHARTON, MSHINDI WA MBIO NA MLINDA GOLI

Arthur Wharton alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Accra, nchi iliyoitwa zamani Gold Coast na ambayo leo ni Ghana. Baba yake, mtu wa kisiwa cha Grenada, alikuwa mhubiri wa Kanisa la Methodist. Mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Alipokuwa kijana alipelekwa Uingereza kusomea kazi ya Injili, lakini masomo hayo aliyaacha, maana moyo wake ulikuwa uwanjani.

Mwezi wa Julai mwaka 1886, katika mashindano makuu ya Uingereza yaliyofanywa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10. Kabla yake hapana mtu aliyepata kutimiza muda huo katika mashindano hayo. Mwaka uliofuata alirudi, akashinda tena.

Siku zizo hizo alikuwa pia mlinda goli, kwanza wa Darlington, kisha wa Preston North End, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la F.A. mwaka 1887. Kazi hiyo haikumfaa mtu dhaifu, kwani sheria za wakati ule zilimruhusu mpinzani kumkumba mlinda goli hata asipokuwa na mpira. Wharton alisifiwa kwa ngumi zake za kuufukuza mpira. Mtazamaji mmoja alisimulia jinsi alivyourukia mti wa juu wa goli, akaning'inia, akaunasa mpira kwa miguu.

Baadaye alikimbia mbio za fedha, na mwaka 1889 akajiunga na Rotherham Town kwa mshahara. Wengi humhesabu kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kucheza mpira kwa kulipwa.

Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wharton aliacha mpira mwaka 1902, wala mchezo haukumwachia mali ya kumtunza uzeeni. Mikono iliyokuwa ikishangiliwa ikawa ya kibarua katika mgodi wa makaa ya mawe huko Edlington, Yorkshire. Alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1930, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe wala jina.

Ikapita miaka 66. Ndipo watu waliopinga ubaguzi wa rangi katika mpira walipofanya bidii, na mwaka 1997 kaburi lake likapata jiwe. Mwaka 2014 sanamu yake ilisimamishwa St George's Park, makao ya timu za taifa za Uingereza.

Heshima hiyo ni njema, lakini haikumpunguzia hata siku moja ya mgodini. Basi mzazi anayejivunia mwanawe mwepesi wa mbio au hodari wa mpira, na amshangilie. Kisha jioni, wakiwa nyumbani, amwulize: siku miguu itakapochoka, mikono yako itajua kazi gani?