Sahani Katikati ya Meza

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Niliikumbuka methali hiyo katika mtaa wa Nea Smyrni, jijini Athens, Ugiriki, nilikoingia mkahawa mmoja saa moja jioni nikiwa na njaa ya msafiri. Nilikuta viti vitupu. Kumbe Wagiriki, msomaji wangu, hula chajio saa tatu usiku au hata baadaye!

Niliporudi saa tatu, palikuwa pamejaa. Mikahawa ya aina hii huitwa taverna. Si mahali pa kuvalia tai. Meza hutandikwa karatasi, mkate huletwa hata kabla hujauagiza, na divai ya pipa huuzwa kwa kilo.

Kwa kuwa sijui Kigiriki, mama mwenye mkahawa alinishika mkono akaniingiza jikoni. Ni desturi ya zamani ya taverna: mgeni hufunuliwa sufuria achague kwa macho. Palikuwa na fasolada, yaani maharagwe meupe yaliyopikwa kwa nyanya, karoti na mafuta ya zeituni. Palikuwa na pilipili hoho zilizojazwa wali. Palikuwa na musaka ya biringanya na nyama ya kusaga.

Kisha akafunua sufuria ya mwisho. Lo! Harufu ya bizari ya pilau! Vilikuwa vitonge vya nyama ndani ya mchuzi wa nyanya, viitwavyo soutzoukakia. Asili yake ni Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Vita vya 1922 viliwafukuza Wagiriki wa huko, na kufikia 1923 zaidi ya wakimbizi milioni moja walikuwa wamehamia Ugiriki. Wengi walifika mikono mitupu. Nyumba walipoteza, mapishi hawakupoteza. Mtaa wao mpya wakauita Nea Smyrni, maana yake Smyrna Mpya.

Mapishi hayo yalifikaje hadi leo? Jibu lilikuwa meza ya pili. Ajuza mmoja, wanawe na wajukuu walikuwa wamezunguka sahani zilizowekwa katikati, kila mmoja akichovya mkate wake. Mtoto mdogo alilala juu ya viti viwili vilivyounganishwa. Ilikuwa yapata saa tano, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Mimi nilikuwa peke yangu na sahani yangu. Niliwakumbuka wanangu, ambao hula mbele ya televisheni nikiwa ningali kazini. Hawajawahi kuniuliza marehemu mama alivyopika mseto wake. Wala mimi sijawahi kuwaambia.

Leo ni Jumapili. Baba, nyama choma na marafiki inaweza kungoja. Mama, zima televisheni. Wekeni sahani katikati ya meza, na kama nyanya ya watoto yu hai, mwulizeni alifundishwa na nani kupika.

Sisi hatukufukuzwa makwetu kama watu wa Smyrna. Lakini mapishi hupotea hata palipo na amani.