Kiboko kiliondolewa Kwale, msaada haukufuata

KILA ghasia zinapozuka katika shule za humu nchini, wito wa kurejesha kiboko husikika upya. Mapema mwaka wa 2021, baada ya mwanafunzi kuwadunga kisu walimu wawili huko Kisii, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, aliunga mkono wito huo. Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni, hawakosi wazazi na walimu wanaokubaliana na kauli hiyo, wakishikilia kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye.

Historia, hata hivyo, haiwatetei. Mnamo Julai 1991, wasichana 19 walifariki wavulana walipovamia bweni lao katika shule ya St Kizito, Meru. Siku hizo kiboko kilikuwa halali na kilitumika bila kificho. Serikali ilikiharamisha mwaka wa 2001. Baadaye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikatoa adhabu ya faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita jela, au vyote viwili, kwa anayemchapa au kumdhulumu mwanafunzi.

Kasoro ni kwamba mwalimu alipokonywa fimbo bila kukabidhiwa kitu kingine. Mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuziba pengo hilo, aghalabu hufundisha vipindi vyake kama wenzake na huwasikiliza wanafunzi katika dakika zinazosalia. Kwa sababu hiyo, adhabu iliyo karibu zaidi na mkono wa mwalimu mkuu ni kumsimamisha mwanafunzi masomo na kumrudisha nyumbani.

Katika Pwani ya kusini, adhabu hiyo ina hatari yake. Mvulana anayetimuliwa shuleni Diani huwa na ufuo wa kumpokea, pamoja na muguka, bodaboda na disko matanga za usiku. Kwa msichana, hatari ni kubwa zaidi. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) uliotolewa mwaka wa 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakiuza miili yao katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Mtoto aliyepitia dhuluma kama hiyo huenda akawa ndiye yule anayesinzia darasani, anayetoroka au anayemjibu mwalimu kwa ukali. Akifukuzwa, hurudishwa palepale alipoharibikiwa.

Sheria yenyewe ililiona jambo hili. Kifungu cha 35 kinataka mwanafunzi asifukuzwe kabla ya njia nyingine zote za kumrekebisha kujaribiwa, na kabla ya yeye na mzazi wake kusikizwa. Tena kinaagiza kwamba anayefukuzwa apelekwe katika taasisi ya kumrekebisha huku akiendelea na masomo. Lakini shule ya urekebishaji tabia iliyo Likoni, jirani ya Kwale, hupokea watoto kwa amri ya mahakama. Mwanafunzi mkaidi ambaye hajatenda kosa la jinai hubaki hana pa kwenda.

Vilevile, sera ya kitaifa ya elimu ya mahitaji maalum ya mwaka wa 2009 iliwajumuisha watoto wenye matatizo ya kihisia na kitabia. Vituo vya kutathmini watoto wa aina hiyo vimekuwepo tangu 1984. Mwanafunzi msumbufu akipelekwa huko kabla ya kuitwa mbele ya bodi ya shule, huenda ikabainika kwamba hasikii vizuri, hajui kusoma, au ana jeraha la moyo ambalo hajalisema kwa yeyote.

Nidhamu haiwezi kuachwa, kwani mwalimu na wanafunzi wengine pia wana haki ya usalama. Lakini shule inapofunga lango, wahenga walikwisha kusema ni nani atakayeichukua kazi yake: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa mtoto wa Diani, ulimwengu huo uko hatua chache tu kutoka langoni.