Kofia ya Samurai na Somo la Kemia

Wako wasomi wanaodai kwamba urembo ni kazi ya msanii na uimara ni kazi ya mhandisi, wala wawili hao hawana la kuambiana. Kofia ya vita ya samurai wa Japani, iitwayo kabuto, yatosha kuipinga dhana hiyo.

Bakuli la kofia hiyo kwa kawaida liliundwa kwa mabamba membamba ya chuma yaliyoungwa kwa ribiti. Nyingi zilikuwa na mabamba 62, na baadhi zilizidi 100. Katika aina moja mashuhuri, kingo za mabamba zilikunjwa kuelekea nje, zikafanya matuta yashukayo kutoka utosini. Mtazamaji huona pambo; mhandisi huona mbavu ziongezazo uimara pasipo kuongeza uzito mwingi.

Katika karne ya 16 makamanda walitaka kutambulikana vitani. Date Masamune alivaa mwezi mwandamo mkubwa juu ya paji. Wengine walivaa masikio ya sungura au mikia ya samaki. Mapambo hayo makubwa mara nyingi yalikuwa ya mbao au karatasi iliyopakwa urushi, ili shingo isilemewe.

Urushi ni utomvu wa mti. Haugandi kwa kuanikwa juani. Huhitaji hewa yenye unyevu. Humo kimeng'enya chake hutumia oksijeni kuziunganisha molekuli za urushioli, ukapatikana utando mgumu uzuiao maji, nao hukikinga chuma na kutu. Basi mng'ao uleule uliopendeza macho ndio uliokuwa ngao ya chuma.

Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Mafuta ya ganda la korosho, yaunguzayo vidole vya wabanguaji, yana kemikali zinazokaribiana na urushioli, na viwanda huyatumia kutengenezea vanishi na vifaa vya breki za magari. Mwanafunzi wa Mtwara au Kilifi anastahili kulijua jambo hilo kwa somo la kemia, si kwa vidole vyake tu.

Atasema mtu kwamba mafundi wale hawakuwa wanasayansi, kwani hawakuwa na nadharia ya molekuli. Ni kweli. Lakini walijaribu, wakalinganisha, wakaacha lililoshindwa na kurithisha lililofaa. Nadharia isiyojua kazi ya mikono ni pungufu, kama vile ufundi usioulizwa sababu hudumaa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: wapelekeni wanafunzi kwa mhunzi, kwa mchonga milango, na kwa fundi wa majahazi. Wasiende kustaajabu tu, bali waulize: kwa nini chuma hiki huzamishwa majini kikiwa chekundu? Kwa nini ubao huu hupakwa sifa ya papa? Kisha warudi darasani watafute majibu. Taifa linalowadharau mafundi wake hujinyima maabara ambayo tayari linayo.